Panga la mjomba na geti la Ngongongare

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye darasa la sheria la vijana wa chama, Usa River, Jumamosi iliyopita. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza vicheko, na namba za vifungu nimeziongeza kwa sababu wengi mliziomba kwenye grupu.

Makamanda, nguvu ya umma!

Asanteni, kaeni. Wa kule nyuma msogee mbele, spika yenyewe mnaiona ilivyo.

Nimepewa nusu saa nizungumze kuhusu silaha na hifadhi. Najua wapo waliokuja wakidhani nitaongelea bunduki tu. Bunduki nitaiongelea, lakini kilichonileta hapa ni panga. Naanza na bunduki maana ndiyo iliyonifungua macho.

Kaka yangu ni mpagazi. Anapandisha wageni Meru: Miriakamba, Saddle, mpaka kileleni, anashuka na magoti yanayolia kama mlango wa mabati. Kule, kama mnavyojua, hampandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu chini kwenye msitu kuna nyati na tembo. Siku moja mgeni wake Mmarekani akamuuliza, kwa nini huyu askari tu ndiye mwenye bunduki? Mimi kwetu naingia hifadhi ya taifa na bastola yangu kiunoni, hakuna anayeniuliza. Kaka akadhani anapigwa kamba. Usiku akanipigia: "Dogo, wewe si ndiyo unasoma sheria, hivi huyu mzungu anasema kweli?"

Nikaenda kusoma. Anasema kweli.

Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilichomeka kifungu kuhusu bunduki ndani ya sheria ya kadi za mikopo. Kadi za benki, jamani! Wachomekaji hawako Dodoma peke yao. Kifungu kikaanza kazi tarehe 22 Februari 2010, na kinachosema kwa kifupi ni hiki: ndani ya hifadhi ya taifa, suala la kubeba bunduki litafuata sheria ya jimbo ambalo hifadhi ipo. Sasa Yellowstone imelala kwenye majimbo matatu, Wyoming, Montana na Idaho. Mtu anatembea msituni, anavuka mstari ambao hata swala hauoni, na sheria ya bastola yake imeshabadilika. Kuwinda bado marufuku, na kwenye majengo ya serikali, kama ofisi za hifadhi, bunduki haiingii. Lakini kubeba tu, kama jimbo linakuruhusu, unabeba.

Kwetu ni kinyume kabisa, na hili ndilo nataka mlishike kwanza. Hapa mtu akipata leseni ya kumiliki silaha ameshasumbuka: serikali ya mtaa au kijiji, kata, wilaya, kamati za ulinzi na usalama, polisi. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2015, ya udhibiti wa silaha na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Katiba yetu haina haki ya kubeba silaha, ukiitafuta utachoka. Kwa hiyo leseni ni ruhusa, na ruhusa ina mipaka. Moja ya mipaka hiyo ni geti la hifadhi. Ukifika pale unakutana na sheria nyingine, Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na hiyo haikuulizi una leseni ya polisi. Inakuuliza una kibali cha kuwa na silaha humu ndani. Leseni ya Arusha mjini, uliyoihangaikia miezi na miezi, pale ni karatasi.

Nyie mnaofanya kazi na makampuni ya uwindaji hili mnalijua vizuri kuliko mimi. Mgeni anashuka KIA na bunduki zake, ana vibali vyote, anaelekea kwenye kitalu. Kitalu kiko kwenye pori la akiba au eneo lingine linaloruhusiwa kuwindwa. Hifadhi ya taifa haiwindwi, hata uwe nani.

Kaka yangu akafurahi na jibu, akasema atamwambia mgeni mwingine. Mimi nikadhani nimemaliza.

Wiki mbili baadaye nikaenda Ngare Nanyuki kumsalimia mjomba. Nikatoka naye huko asubuhi tukija Usa River, kwenye ile Noah inayojaza mpaka dereva anakaa upande. Mjomba alikuwa na panga. Limenolewa, anakwenda kumsaidia shemeji yake kupunguza migomba. Lakini hakulishika mkononi. Alilifunga kwenye gunia, akalizungushia kamba, akalisukuma chini ya kiti, akaweka mguu juu. Nikamuuliza, mjomba, unamficha nani? Akaniambia, "Mama, tunapita porini humu. Wewe unasoma sheria, niambie: nikikutwa nalo humu ndani ni kosa?"

Sikuwa na jibu. Nikacheka, nikamwambia panga ni jembe la mkulima, nani atakushika. Na yeye hakucheka.

Kwa wasiojua huku kwetu, nieleze kidogo. Barabara ya kutoka Usa River kwenda Ngare Nanyuki inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ni barabara ya umma. Unaingia Ngongongare, unapita pale Serengeti Ndogo, twiga anakutazama kama jirani, unatokea upande wa pili. Watu wa Ngare Nanyuki, Olkung'wado, Uwiro na Ngabobo wanapita humo kwenda hospitali, kwenda halmashauri, kupeleka nyanya sokoni. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1960, wakati huo ikiitwa Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 mlima ukaingizwa ikawa Hifadhi ya Arusha. Mtalii anayepita pale yuko safarini, lakini mjomba yuko njiani tu kwenda kwa shemeji yake.

Niliporudi hosteli nikakaa na hukumu za Mahakama ya Rufani. Nyingi zinatoka Serengeti, upande wa Mara, na ukisoma kumi unaona zinafanana kama matofali ya tanuru moja. Makosa yanakuja matatu matatu. La kwanza, kuingia hifadhini bila kibali. La pili, kukutwa na silaha ndani ya hifadhi, kifungu cha 24(1)(b) na (2). Namba ninazotaja ni za Toleo la 2002, ndizo zilizotumika kwenye hukumu hizo. La tatu, kukutwa na nyara za Serikali, kifungu cha 86 cha Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, na hili linaunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi.

Sasa hilo la pili. Unategemea kusoma bunduki aina ya magobore. Unakuta: panga moja, kisu kimoja, nyaya mbili za kutegea. Panga moja na kisu kimoja. Yaani kwa sheria ya hifadhi, neno silaha limebeba na kile kilicho chini ya mguu wa mjomba wangu.

Halafu hati ya mashtaka inaendelea, na hapa mnisikilize vizuri. Inasema mshtakiwa alikutwa na silaha hizo bila kibali, na akashindwa kumridhisha ofisa mwidhinishwa kwamba zilikuwa kwa ajili ya kazi nyingine isiyo kuwinda, kuua, kujeruhi au kukamata mnyama. Alishindwa kumridhisha. Mmeona mzigo umehama? Kwa kawaida Jamhuri ndiyo inayothibitisha kosa lako, na wewe unaweza kukaa kimya kama jiwe. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Hapa maelezo yanaanza kudaiwa kwako, na si mbele ya hakimu ukiwa na wakili. Ni porini, mbele ya mtu mwenye bunduki, na wewe umechanganyikiwa.

Niwe mkweli, sipingi kila kitu kwenye kifungu hiki. Nimeona picha ya pundamilia aliyekatwa mguu na waya. Mtu anayetega nyaya hawezi kusema anakata kuni. Ibara ya 27 ya Katiba inatupa sote wajibu wa kulinda maliasili, na ukweli ni kwamba mlima huu ukibaki mtupu, kaka yangu hana kazi. Askari naye yuko porini usiku, hajui anayekuja ana kisu cha kukatia mkate au cha kuchinjia. Sheria iliyomwandalia kifungu hicho haikuandikwa na wapumbavu.

Lakini iliandikwa ikimfikiria jangili, na mjomba hakuwemo kichwani mwa mwandishi. Na mjomba anapita pale kila wiki.

Tuingie ndani kidogo, kwa sababu hukumu hizi zina mambo ambayo kila kijana wa Arumeru anapaswa kuyajua.

Moja linachekesha kama halikukuhusu. Lile kosa la kwanza, la kuingia hifadhini bila kibali chini ya kifungu cha 21. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho mbalimbali, ile ambayo kila kitu kinatupiwa humo kama ndoo ya maganda. Kifungu kiliporekebishwa, maneno yaliyofanya kuingia kuwa kosa yakapotea. Ikabaki adhabu, kosa halipo! Watu wakaendelea kushtakiwa, kukiri, kufungwa, miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Rufani ikasema: jamani, kosa hili halimo kwenye kifungu. Fikirieni mahakimu wangapi walikisoma kifungu kile. Au hawakukisoma. Na msitoke hapa mkasema dada kasema kuingia ruksa. Sijasema hivyo, na ukikamatwa usinitaje.

Lingine ni mipaka. Kuna rufaa ambazo zilishinda kwa sababu Jamhuri haikuleta ushahidi kwamba mahali mtu alipokamatiwa ni ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye jedwali la sheria. Shahidi anasema "tulimkamata hifadhini", anataja jina la korongo, basi. Mahakama inauliza, korongo hilo liko upande gani wa mpaka? Kwetu hili si dogo. Mlima ni mmoja, lakini upande huu uko kwenye shamba la miti chini ya TFS, ambako panga ni chombo cha kazi, na hatua chache mbele ni TANAPA, ambako panga lile lile linaitwa silaha. Mti hauna rangi tofauti. Ndiyo maana nasema usisaini maelezo yanayotaja mahali ambapo hukuwepo. Soma kwanza. Kama husomi vizuri, sema usomewe, kwa Kiswahili.

Na kuhusu Kiswahili: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, lugha ya sheria na mahakama ikawa Kiswahili. Hukumu zote nilizozisoma ziko kwa Kiingereza. Mtu anafungwa kwa neno lililotafsiriwa na karani.

Kwa wenye bunduki, nirudi kidogo. Ukikutwa na silaha ya moto bila leseni, popote pale, siyo hifadhini tu, unaingia kwenye sheria ya 2015 na kesi inakwenda kwenye uhujumu uchumi. Huko dhamana ina masharti yake, na mahakama ya wilaya haiwezi kuisikiliza bila ridhaa na hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Watu wanakaa mahabusu wakisubiri karatasi hizo. Kwa hiyo yule aliyeandika kwenye grupu kwamba vijana tutafute magobore tuwafukuze nyati, naomba aifute ile meseji. Sitanii. Ifute leo. Ukijumlisha na Ibara ya 147, inayokataza mtu au kikundi kuunda jeshi, unawapa watu kesi ambayo hata hukuwa nayo.

Tusisahau pia upande wa pili wa bunduki. TANAPA, Ngorongoro, TAWA na TFS siku hizi ziko kwenye mfumo wa jeshi usu, na bosi wa TANAPA anaitwa Kamishna. Mwaka 2013 tulikuwa watoto, lakini wazazi wetu wanaikumbuka Operesheni Tokomeza. Ilianza Oktoba kupambana na majangili, ikasimamishwa Novemba baada ya wabunge kulalamika kwamba wananchi wanateswa na wengine wameuawa. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ilileta taarifa, na tarehe 20 Desemba Rais Kikwete akatengua mawaziri wanne: Kagasheki, Nchimbi, Nahodha na Mathayo. Naikumbusha kwa sababu kuu moja. Wabunge wa pande zote walisimama siku ile, na kilichowasimamisha ni taarifa: majina, tarehe, mahali. Ndicho tunachokosa hapa. Tuna hasira nyingi na daftari moja.

Na sisi watu wa hapa tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ipewe walowezi wa kizungu. Mashamba yenyewe yalikuwa na namba, 31 na 328. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kule New York na ombi la watu wake mkononi. Kijiji kile kile ambacho mjomba anapanda Noah. Babu zetu walikuwa na mapanga pia. Wakachanga hela, wakamtuma mtu na karatasi.

Basi napendekeza karatasi. Nimeandika rasimu ya barua kwenda kwa TANAPA, nakala kwa Halmashauri ya Meru na kwa mbunge wa Arumeru Mashariki. Haina matusi, naomba msiongeze. Inaomba kibao getini, kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka ukiwa kwenye gari, kinachosema mkazi anayepita na zana ya shamba afanye nini: aifunge, aitangaze getini, aiache, chochote, lakini kiandikwe. Leo mjomba anafunga gunia kwa kubahatisha, na kuficha kwenyewe kunaweza kumfanya aonekane ana lake jambo. Inaomba pia kwamba sheria ikirekebishwa tena, anayepita barabara ya umma bila kushuka asidaiwe kumridhisha mtu. Anayemtuhumu ndiye athibitishe. Na mipaka iwekwe alama zinazoonekana upande wa vijiji, siyo upande wa watalii tu.

Kuna waliosema hii ni barua ndogo, chama kikubwa kinaongelea Katiba mpya, wewe unaongelea kibao. Nimewasikia. Mimi Katiba mpya naitaka kuliko wao. Ila mjomba hajaniuliza kuhusu Katiba mpya.

Maswali yalikuwa mengi, naandika matatu.

Kamanda mmoja wa Kimasai aliuliza: mbona Ngorongoro watu wanatembea na mkuki na sime mchana kweupe? Kwa sababu Ngorongoro si hifadhi ya taifa. Ilitenganishwa na Serengeti mwaka 1959, ina sheria yake, Sura ya 284, na watu wanaishi humo na mifugo. Sime hiyo hiyo ukivuka nayo kuingia Serengeti, hadithi ni nyingine. Hapa Hifadhi ya Arusha hesabu ni ya Serengeti.

Dada wa Leguruki aliuliza: nyati akitoka akaja kihambani kwetu, tufanye nini? Kwanza kimbieni, dada yangu. Sheria ya Wanyamapori inatambua kwamba mtu anaweza kuua mnyama akiokoa maisha au mali, lakini taarifa itolewe haraka, na mnyama yule ni mali ya Serikali. Hapa ndipo watu wetu wanapoangamia. Nyati amekufa, amekula mahindi ya watu, kila mtu anakata kipande anaona ni fidia. Kile kipande kwenye sufuria kinaitwa nyara, na kifungo chake kinaanzia miaka 20. Msimguse. Pigeni picha ya shamba lililoharibiwa, mwiteni mwenyekiti wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, jazeni fomu ya kifuta jasho chini ya kanuni za mwaka 2011. Hela ni ndogo na inachelewa, lakini fomu ikijazwa kuna kumbukumbu.

La mwisho aliuliza kijana mdogo, nadhani hata kadi ya chama hana: je, manati? Ukumbi ukacheka. Nikamwambia swali lake ni zuri kuliko mengi ya siku hiyo. Hati za mashtaka nilizosoma hazikutaja manati. Lakini kazi ya manati ni kupiga ndege, mdogo wangu, na ofisa akikuuliza ni ya nini, utamridhisha vipi?

Rasimu ya barua iko kwa katibu. Anayetaka kusaini aje na jina kamili na kijiji. Anayejua mtu aliyewahi kusimamishwa pale akiwa na zana ya shamba, aje na tarehe, hata kama ni ya kukadiria. Mjomba ameshasaini. Alikuja na Noah ya saa moja, gunia mkononi.